Mama Kimya na Ukurasa wa Viatu

Saa tatu asubuhi, Mama Kimya ameikalia mikono yake. Mbele yake seremala mmoja mwenye miwani anahangaika na simu, anatafuta kiatu. Mama Kimya anajua pa kubonyeza. Mdomo unamwasha. Hasemi neno.

"Nikimsaidia nimeharibu," anaeleza baadaye. "Mteja akiwa kwake mimi sipo. Basi hata hapa nisiwepo."

Kazi yake ni kubuni kurasa za duka la mtandaoni. Jina la Mama Kimya alibandikwa na wenzake kwa utani, maana nje ya chumba hiki chenye meza moja na kamera moja, hakuna mwenye kelele kumshinda.

Miezi minne iliyopita maji yalikuwa shingoni. Kati ya kila jozi kumi za viatu zilizouzwa, nne zilirudishwa: hiki kinabana, kile kinapwaya. Meneja akatoa wiki tatu. Ukurasa usipotengemaa, viatu vinaondolewa dukani, na mbunifu anaondoka navyo. Mama Kimya ana watoto wawili na mshahara mmoja.

Wakubwa walitaka picha kubwa zaidi. Yeye akataka watu. Akaita watano, mmoja mmoja, wajaribu kununua mbele ya kamera.

Wa tatu alikuwa muuguzi mstaafu.

"Haya mwanangu, simu inauliza namba ya kiatu changu. Mimi namba ngapi?"

"Ungekuwa peke yako nyumbani ungefanyaje, shangazi?"

"Ningeuliza mtu! Nakuuliza wewe, nawe umeninunia!"

Kisha akavua ndala, akalaza simu sakafuni, akaikanyaga picha ya kiatu kwa uangalifu. "Kimenienea," akatangaza. Akanunua.

Chumba cha pili, wakubwa waliokuwa wakitazama kwenye skrini wakavunjika mbavu. Mama Kimya hakucheka. Kwenye ukurasa ule, kiatu cha mtoto na cha baba mtu vilikuwa na picha ya ukubwa uleule.

"Shangazi hakukosea," anasema, na hata leo sauti inapanda. "Tuliokosea ni sisi. Tulimwonyesha kiatu, hatukumpa cha kupimia."

Ndipo akaikumbuka karakana ya baba yake, fundi viatu. Mzee hakugusa ngozi kabla hajamsimamisha mteja juu ya boksi na kuuzungushia mguu penseli.

Akachora ukurasa upya. Picha akaipunguza nusu. Chini yake akaweka kitufe kimoja: Pima mguu. Kanyaga karatasi, weka alama kisiginoni na kwenye kidole kirefu, pima kwa rula, andika sentimita. Namba ukurasa unaitafuta wenyewe.

"Nani atahangaika na rula?" meneja aliguna.

"Tusibishane, bosi. Tuwaite tena."

Wakaitwa walewale watano, wakapima, wakachagua, na viatu vikaletwa kutoka ghalani hapohapo. Muuguzi akavaa, akatembea hadi mlangoni, akarudi akitingisha mabega. "Kimenienea!" Safari hii kweli. Watano walipima, watano viliwaenea.

Leo, katika jozi kumi, inarudi moja. Viatu havikuondoka, wala yeye. Na meneja, kila wazo jipya likitajwa, ndiye anayeuliza kwanza: "Mmewaita watu?"

Seremala wetu naye amemaliza. Penseli ameitoa sikioni, mstari ameuchora umenyooka kuliko wa kwenye maelekezo.

"Dada, wewe hukunisaidia hata kidogo," anamsuta. "Nimeweza mwenyewe!"

"Umeweza, mzee wangu." Sasa mikono ya Mama Kimya iko huru, anapiga makofi.

Amebakiwa na jambo moja. Baba yake macho yamefifia. Maandishi ya simu hayaoni tena. Mama Kimya anaandaa ukurasa unaojisoma kwa sauti, hatua kwa hatua, na wa kwanza kuujaribu ameshamchagua.

"Aliyewavisha watu viatu miaka arobaini atajinunulia kiatu mwenyewe," anasema. "Mimi nitakuwa pembeni, nimeikalia mikono. Kikimwenea tu, nitapiga vigelegele, jina hili la Kimya watafute mwingine wa kumpa."