Redio ya Kwao Mama

Mama alizaliwa Burundi, akaolewa kwetu Kibondo. Dishi nililofunga juu ya paa lilikuwa lake. Kila jioni alisikiliza redio ya kwao kwenye king'amuzi, hasa matangazo ya vifo, maana dada yake alikuwa mgonjwa huko na hakuwa na simu.

Mwaka 2015 machafuko yalipoanza kule, redio ile ikanyamaza. Nilimwita fundi. Akageuza dishi kidogo, stesheni nyingine zote zikaingia vizuri.

"Setilaiti ipo palepale juu, mama," alimwambia. "Ila wenyewe kule hawarushi tena."

"Geuza tena," mama akasema.

Aligeuza, kwa kumheshimu tu.

Mama hakuacha kuwasha. Miezi ilipita, kisha sokoni akakutana na mwanamke wa kijiji chao, mkimbizi aliyekuwa kambini. Huyo ndiye aliyempa habari kwamba dada yake alikwisha kufa na kuzikwa.

Alirudi nyumbani bila mboga.

"Wamemzika, na mimi nimekaa hapa," aliniambia.

Tulikaa matanga wawili tu, mimi na yeye. Siku aliyokufa dada yake hatukuijua.