Sauti ya Bibi Kwenye Diski C

Mama yangu hufunika kila kitu. Redio ina kitambaa chake, runinga ina chake, hata ndoo ya maji ya kunywa imevalishwa cha manjano, chenye maua aliyoyafuma mwenyewe. Kompyuta yangu ya mezani ilipoingia nyumbani kwetu Tabora, nilijua zamu yake inakuja. Nikakataza. Nikaeleza kwamba feni ile ya nyuma ndiyo pua yake. Akaitikia vizuri, akasubiri niende msibani Kigwa, akaifunika huku inawaka.

Niliporudi nikaambiwa imezimika yenyewe. Ilikuwa imepata joto katikati ya kusasisha mfumo. Kila nilipoiwasha ilileta kioo cha buluu, ikaomba radhi kwa Kiingereza, ikazima.

"Lakini vumbi halijaingia," mama akasema.

Haikubaki njia ila kupiga window upya: kufuta mfumo wote na kuuweka tena tangu mwanzo. Ndani mlikuwa na riwaya yangu, lakini riwaya ningeweza kuiandika tena. Kisichorudi kilikuwa sauti ya bibi, mama wa mama yangu, niliyemrekodi Usoke kabla hajafariki, akisimulia walivyohamishiwa kijiji cha ujamaa na kuacha nyuma mashamba na makaburi. Simu niliyomrekodia iliibiwa zamani. Nakala ilikuwa hiyo hiyo moja.

Hata hivyo sikuogopa. Diski niliigawa sehemu mbili tangu siku ya kwanza: C ya mfumo, D ya kazi zangu. Mama nilimfafanulia kwa mfano wa nyumba. C ni sebule, fundi anaweza kuingia akabomoa na kupaka rangi. D ni chumba cha ndani, hakiguswi. Na bibi alikuwa D.

Nikachomeka flashi ya kuwekea mfumo, niliyoazima kwa fundi wa karibu na stesheni. Umeme ukakatika. Ukarudi. Nikaanza tena. Mashine ikauliza iweke mfumo wapi, na badala ya C na D ikaniorodheshea vipande vya diski bila herufi, namba na ukubwa tu, kama viwanja vilivyopimwa na watu wasiojua nani anaishi wapi. Kidogo lazima ni C, nikasema moyoni. Mama alikuwa ananipumulia shingoni.

"Unafuta kipi?"

"Hiki kidogo. Sebule."

"Na vilivyomo?"

"Vinakwenda vyote, mama. Havina maana."

"Ala! Mama yangu umuue mara ya pili?"

Kidole kikaganda juu ya kitufe.

"Bibi yuko chumba cha ndani," nikasema.

"Hayuko. Nilimtoa ulipokuwa Kigwa. Mtu mzima kama yule unamfungia ndani na makaratasi yako? Nilimkata kule, nikambandika pale mbele penye picha ya maua. Mgeni wa heshima anakaa sebuleni, mwanangu."

"Nani alikufundisha kukata na kubandika?"

"Si wewe, kwenye zile picha za harusi!"

Pale mbele penye maua, kwenye kioo cha kwanza ukiiwasha, kila kinachobandikwa hukaa C. Nilipiga kelele kuhusu vitambaa, kuhusu sebule, kuhusu heshima. Mama aliningoja kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Umemaliza? Haya, kamtoe."

Nikarudi kwa fundi kwa miguu, jua likinichoma utosi. Akanipa flashi nyingine, yenye mfumo unaowaka kutoka humo humo bila kugusa diski. Kwa huo nikaingia C, nikamkuta bibi katikati ya picha za harusi. Nikamrudisha D pamoja na hizo picha, nikamnakili pia kwenye flashi yangu, ndipo nikafuta sebule. Jioni kompyuta ikawaka, tupu, haijui hata saa.

Nikafungua rekodi ya kwanza ili nihakikishe. Kuku wakalia.

"Shikamoo mama," mama akasema, kwa mazoea tu.

"Marahaba," bibi akajibu kutoka kwenye spika. Alikuwa ananijibu mimi, siku ile. Nilichelewa kubonyeza kitufe cha kurekodi, salamu yangu haikuingia. Kisha akaendelea: "Walituambia tubebe vya maana tu. Sasa vya maana anavijua nani?"

Mama akakaa chini taratibu. Kitambaa cha manjano kilikuwa mkononi mwake. Alipokinyoosha kuelekea kwenye feni, nikasema, "Mama, pua!"