Ishirini na Saba, na Maji ya Hulugho

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya mitambo ya barabara mjini Garissa, Fundi Mkuu aliniuliza kama najua kuhesabu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi na shahada ya uhandisi, nikadhani ananidhihaki. Alinipandisha kwenye tingatinga jipya, akafungua swichi bila kuwasha injini, akabonyeza kitufe kidogo chini ya dashibodi.

"Hesabu."

Taa ya manjano ilimulika mara mbili, ikapumzika, ikamulika mara saba.

"Tisa," nikasema.

"Ishirini na saba. Ukiniambia tisa tena nakurudisha kwa mama yako."

Ndivyo injini zilivyozungumza nasi katika miaka ile ya tisini, mitambo yenye kompyuta ilipoanza kufika kwetu. Leo kijana anachomeka kompyuta yake na kusoma hitilafu kwa maneno kamili. Sisi tulikuwa na taa, mita ya kupimia umeme, na kumbukumbu zetu vichwani. Kihisi, au sensa kama tulivyoiita karakanani, ni kipande kidogo cha chuma kinachofungwa kwenye injini ili kupima kitu kimoja: joto, mwendo, au shinikizo la oili. Kikileta habari isiyoingia akilini, kompyuta ya injini huhifadhi namba ya hitilafu na kupunguza nguvu, ili injini isijiue. Ishirini na saba ilikuwa namba ya kihisi cha joto la maji ya rejeta.

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa Pwani, aliyezeeka na mitambo isiyokuwa na kompyuta yoyote. Kwake kanuni ilikuwa moja: namba ikitoka, badilisha kihisi. Mimi sikuridhika. Taa inakuambia ni upande gani kuna malalamiko, nikasema. Haikuambii kama kosa ni la kihisi, la waya wake, au la kompyuta yenyewe. Kwa nini tutupe kitu kabla ya kukipima?

"Mwanafunzi," alinijibu, "mashine haina falsafa."

Kituo changu cha kwanza nje ya mji kilikuwa Balambala. Greda lililokuwa likichonga barabara kando ya mto lilikuwa limeshabadilishiwa kihisi cha oili mara mbili, na bado lilipanda vilima likikohoa. Nilifuata waya kwa vidole, shubiri kwa shubiri, hadi nikafika mahali uliposuguana na fremu ukabaki shaba tupu. Niliufunga, taa ikazimika. Fundi Mkuu hakunisifu. Aliacha tu kuniita mwanafunzi, akawa ananiita "wewe".

Kisha ikaja safari ya Hulugho, ambayo ndiyo hasa ninayotaka kuwasimulia.

Huko tingatinga letu lilikuwa likichimba lambo, bwawa la kukinga maji ya mvua. Wafugaji walikuwa wakilingojea, kwa sababu kisima kirefu cha hapo kilitoa maji ya chumvi: ngamia waliyapenda, watu waliyavumilia, na watoto wachanga yaliwaharisha. Tingatinga lilikuwa limekufa kwa ishirini na saba mara tatu mfululizo, na kila mara kihisi kipya kilisafiri kutoka Nairobi kwa basi, kikisubiri msafara wa askari, maana njia ilikuwa na majambazi. Fundi Mkuu alikuwa na jibu lake tayari.

"Ni dereva yule. Anachomoa waya apate kulala kivulini. Nenda uhakikishe. Ukikuta mkono wake humo, urudi naye, nimwandikie kuondoka."

Dereva alikuwa Mzee Warsame, mtu mrefu mwenye ndevu za hina, mwenye jamaa kubwa iliyokula kwa kazi hiyo moja. Nilipofika alinitazama mimi, akatazama mkoba wangu wa vifaa, akajua nimetumwa nini.

"Karibu, injinia. Umekuja kwa mashine au kwa mimi?"

"Nimekuja kuuliza, adeer," nikamjibu, nikimwita kama wenyeji wanavyomwita baba mdogo.

"Uliza. Kuuliza haina ushuru."

Nilianza na waya. Ulikuwa mzima, na plagi yake bado ina vumbi lililojikusanya tangu kihisi kilipobadilishwa, ambalo hakuna mkono uliolipangusa. Umeme wa kompyuta ulifika sawasawa. Nikapima kihisi: mita haikusoma kitu. Nilitaka kuwa na hakika kwamba mita yangu haidanganyi, maana hata mita siiamini bure. Kihisi cha joto kinapopashwa moto, ukinzani wake kwa umeme hushuka. Nilichukua kipya nilichokuja nacho, nikakichovya kikombeni kwenye chai ya Warsame, nikaona namba zinashuka vizuri.

"Waryaa, injinia, hiyo chai yangu," akasema. "Mashine anataka na sukari?"

"Nampima tu."

"Basi maliza kupima, mimi nitengeneze ingine."

Kihisi kilichokufa nilikipeleka kwenye jua. Ncha yake ilikuwa imeliwa, ina kutu ya kijani na ukoko mweupe. Niliugusa ukoko kwa ulimi. Chumvi. Nikageuka kutazama mapipa ya maji ya mto Tana, yaliyoletwa na lori kutoka Garissa mahsusi kwa ajili ya rejeta. Yote yalikuwa yamelala ubavu, makavu.

"Adeer, maji matamu yalikwenda wapi?"

Hakuzungukazunguka. "Watu wanapita hapa na mifugo. Juzi mama mmoja kaja na mtoto mgongoni, kaona pipa, kaomba. Wewe ungesema nini? Ungesema hii maji ni ya mashine?"

"Na mashine ukaipa ya kisima."

"Ngamia anakunywa hiyo na ananenepa. Mimi nikasema, hii chuma kubwa namna hii itashindwa na nini?" Kisha akaacha mzaha. "Andika unayoandika. Lakini kwetu mtu hakatazwi maji, wallahi. Hata adui."

Nilipanda hadi kituo cha polisi, wakanipa redio. Sauti ya Fundi Mkuu ilikuja ikikwaruza.

"Amechomoa waya?"

"Hapana. Waya haujaguswa. Ni chumvi, Mzee. Rejeta imejazwa maji ya kisima."

"Nani kayajaza?"

"Warsame. Maji ya Tana aliwapa wapita njia."

"Kwa hiyo ni yeye. Rudi naye."

"Nikirudi naye tutaleta dereva mwingine. Naye ataombwa maji. Akiwapa, kihisi kitakufa. Akiwanyima, watu hapa hawatamwacha achimbe. Sasa tutakuwa tumetengeneza nini?"

Nilimsikia akifungua daftari la safari za malori.

"Mwambie aoshe hiyo rejeta mpaka maji yatoke hayana ladha," alisema. "Lori la kesho litaleta mapipa ya mashine. Litaleta na mengine. Hayo mengine mimi sijui ni ya nini. Na wewe, leo tu, nihurumie, usiniulize kwa nini."

Warsame alibaki. Ishirini na saba haikuonekana tena Hulugho, na mvua iliposhuka lilikuwapo lambo la kuipokea.

Nimestaafu sasa. Huwa najiuliza kama tulikuwa mafundi wazuri kuliko wa leo, na kila mara najibu hapana. Vyombo vyao ni vizuri na wanavijua. Hata hivyo naitamani ile taa. Namba yake ilisema ukweli kidogo, na ukweli wote uliobaki ilibidi ushuke chini ukautafute kwa miguu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Eldas. Mhandisi kijana aliyekuja kuchukua nafasi yangu alikagua lori la maji akakuta mapipa yaliyozidi hesabu, akataka kujua ni ya mtambo gani. Madereva walimwambia wao waliyakuta yakipakiwa hivyo. Nilimwambia akakae kando ya mapipa hayo mchana mmoja, wenyewe watakuja.