Firigisi ya Makokha

Anastazia alikuwa mtu wa kwanza kunipiga mjini Guangzhou, na nilimpenda tangu siku hiyo. Niliingia jikoni kwake, nikafunua bakuli lililofunikwa, nikakuta firigisi moja ya kuku iko peke yake. Kabla sijaitia kinywani, mwiko ukanishukia mkononi.

"Bimkubwa, wacha hiyo! Ni ya mwenye boma."

Mie mtoto wa Unguja. Kwetu kuku ni kuku, na mwenye kuwahi ndiye mwenye kula. Kumbe kwao Bungoma firigisi ni ya baba wa nyumba. Akichelewa anawekewa, akisafiri anawekewa. Mtu mwingine akiila ilhali mwenyewe yuko hai, ni sawa na kumzika mapema. Nikamwambia kama mambo ndiyo hayo, basi wamfiche kuku mzima tujue moja. Alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Alikuwa mwalimu wa chekechea kabla ya kuolewa na Makokha, bwana mrefu wa maneno machache na biashara nyingi zisizotulia. Walikuja mwaka 1997 na binti yao Nafula, wakapanga chumba kinachotazamana na chetu, nyuma ya jengo la Tianxiu Dasha, ambako mume wangu Msabaha alikuwa na kiofisi cha kusafirisha mizigo. Makokha alishinda kwenye masoko ya mtaa wa Guangyuan Xilu akitafuta jinzi za kupeleka Nairobi. Anastazia alibaki nyumbani akipika chapati na maharage na kuwauzia wafanyabiashara waliochoka kula tambi. Kichina cha sokoni alikijua kabla yetu sote. Laoban wa mboga, yaani mwenye kibanda, akimwambia "meiyou", hakuna, yeye humwonyesha kidole fungu la sukumawiki za Kichina lililofichwa nyuma ya kiti, na laoban hucheka akalitoa.

Kila kuku alipopikwa kwake, tulikuwa na mchezo wetu. Hafidh, kijana wa Dar aliyepanga chumba cha mwisho, bachela asiyejua hata kuchemsha maji, alinyoosha mkono kwenye lile bakuli na kusema, "Mwenyewe hayupo, shemeji. Mrithi ni mimi." Naye Anastazia alimtandika mwiko. Hata Makokha akiwa pale pale, Hafidh alijaribu, na Makokha alitabasamu, akaila firigisi yake polepole huku akimtazama. Nafula naye aliitamani, maskini. Aliiomba kila mara, na kila mara aliambiwa hiyo ni ya baba.

Mwishoni mwa mwaka 1998 Makokha akaja na wazo la kupeleka chai ya Kericho kaskazini kabisa, mpakani na Urusi. Tulimcheka hadi machozi.

"Kaka, chai unawauzia Wachina?" Hafidh akamuuliza. "Ukimaliza hapo wauzie na mchele."

Makokha akasema Warusi wa ng'ambo ya mto wa mpakani hunywa chai ya rangi kama yetu, tena kwa baridi yao hawaachi birika. Alikuwa na kikohozi, anakimeza meza mbele za watu. Mkewe alimsihi apone kwanza ndipo asafiri, akajibiwa ni mafua tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wanaume wetu methali wanazijua za kuwaambia wengine. Akaondoka na rafiki yake Kiplagat kwa treni, amevaa makoti mawili.

Simu ya ghorofa yetu ilikuwa chumbani kwangu. Jumapili kabla ya Krismasi akapiga, na Anastazia na mtoto wakaja mbio. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. Alimsimulia Nafula habari za kijiji walichofikia: mto umeganda na malori yanapita juu yake, jua linachungulia kidogo halafu linazama, na theluji imefika madirishani. Nyumba ya wageni ilikuwa ya bibi mmoja wa Kirusi, naye na wajukuu zake walikuwa wamesimamisha mti sebuleni na kuupamba kwa karatasi za peremende.

"Kwa hivyo huko kuna Krismasi, baba?"

"Kuna mti, kuna mishumaa, kuna watoto wanaimba. Mnaokosekana ni nyinyi tu." Kisha akamwambia mkewe kwamba anakata tiketi, atafika Krismasi yenyewe, asipowahi mchana basi jioni. "Niwekee firigisi," akasema. Anastazia alirudi kwake akiimba.

Krismasi mwaka ule iliangukia Ijumaa, tena ndani ya Ramadhani. Anastazia aliamua mwenyewe kwamba chakula kisiwe cha mchana. Kitaliwa magharibi, wakati wa kufuturu, ili na sisi tule. "Krismasi gani hiyo nile na ukuta?" alisema. Alfajiri alikwenda sokoni akanunua jogoo mzima mzima, akamletea Msabaha amchinje, asije akatulisha haramu. Kisha akamvika Nafula gauni jekundu, wakaenda kanisani kusali kwa lugha wasiyoielewa. Baridi ya Guangzhou haina theluji lakini inaingia mifupani, na vyumba vyetu havikuwa na moto wowote ila wa jiko. Mchana kutwa kila viatu viliposikika ngazini, alitoka akachungulia.

Msabaha alirudi baada ya sala ya Ijumaa akiwa na Hafidh. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya mchana. Kiplagat alikuwa amempigia ofisini. Makokha alizidiwa siku mbili baada ya ile simu, wakamlaza katika hospitali ndogo ya kule mpakani, mapafu yakajaa maji. Alfajiri ya Krismasi alifariki.

Nilikaa kitandani, nikasikia kwa ng'ambo Anastazia akitwanga kitunguu saumu.

"Tukamwambie," nikasema.

"Mwache ale kwanza," Msabaha akajibu. "Akishasikia hatatia kitu kinywani siku tatu."

Ndivyo tulivyolelewa. Habari ya kifo hatupewi na njaa tumboni, wala hatupewi kwa pupa. Watu hukaa nawe, ukala, ukanywa maji, ndipo mtu mzima akakushika mkono. Nilikubali. Lakini niliichukia siku ile, niliuchukia ule mto wao ulioganda, na nilimchukia hata marehemu kwa makoti yake mawili. Nililia nimeuma upande wa kanga. Kisha nikanawa uso, tukaagizana tuwe kama kawaida.

Magharibi tukavuka ukumbi. Alikuwa ametandika meza kwa kanga mpya, ameweka mshumaa kati, tende zetu kwenye sahani yake nzuri, chapati, wali wangu wa nazi, na jogoo katika sufuria. Kiti cha Makokha kilikuwa kimevutwa mbele ya sahani. Kando ya sahani, bakuli limefunikwa.

"Treni za Wachina zinachelewa," alisema. "Ataingia tukiwa bado tunakula."

Tulifungua kwa tende. Nafula alisema sala ya chakula, akamwombea baba yake njiani, na tukaitikia amina. Tukaanza kula. Msabaha aliusifu mchuzi mara mbili kwa maneno yale yale. Mimi nilieleza habari ya bei za vitambaa ambayo hakuna aliyeniuliza. Kwa akili zetu tulikuwa tunaweza.

Anastazia akaacha kula. Akautazama mkono wa Hafidh, kisha lile bakuli, kisha mkono wa Hafidh tena. Alikuwa na mwiko mapajani, ameuweka tayari tangu mwanzo.

"Hafidh," akasema, "leo firigisi huitaki?"

Hafidh alikuwa hajala ila tende moja na matonge mawili, mtu aliyefunga tangu alfajiri.

"Nimeshiba, shemeji," akajibu, na sauti ikamkatika.

Mzaha mmoja tu ndio uliotakiwa, mzaha wa kila siku, na katika watu wazima watatu hakupatikana wa kuutoa. Nani angenyoosha mkono aseme yeye ni mrithi? Anastazia alimtazama Msabaha, Msabaha akatazama kikombe. Anastazia akanigeukia mimi. Machozi yalikuwa yamekwisha kunitoka, sikuyafuta.

"Bimkubwa."

"Mwanangu," nikasema.

Akauweka mwiko mezani taratibu. Nilidhani atapiga ukunga, nikajiandaa kumshika. Badala yake alivuta lile bakuli, akalifunua, akaichukua firigisi kwa vidole na kuiweka katika sahani ya binti yake.

Nafula aliruka kitini. "Yangu? Yangu kabisa?"

"Yako, mama. Kula."

"Baba hatakasirika?"

"Hatakasirika."

Mtoto akaishika kwa mikono miwili. Alitutazama mmoja mmoja kwa fahari, akang'ata, akatafuna amefumba macho. Alipofika nusu akasita. Akaigeuza geuza ile nusu iliyobaki, akaona huruma. Akairudisha bakulini, akalifunika vizuri, akalisogeza mbele ya kile kiti kitupu.

"Hii ya baba," akasema.

Hapo ndipo Anastazia alipolia.