Rangi Iliyobaki

Niliingia kwenye banda la video pale Biharamulo kukwepa jua tu, nikisubiri gari la Rulenge, alikolazwa baba. Ilikuwa siku ya nne hajaonja kitu. Dada yangu alikuwa amenipigia simu: "Ameamua. Njoo ujionee." Nami nilikuwa mbali, kama kawaida yangu.

Filamu yenyewe ilinichanganya. Mwanamke anayeisimulia nchi nzima hadithi amekata tamaa, na kila siku anayonyamaza, rangi moja inahama. Kijani kilipokwenda, milima ikawa majivu. Tausi wakapauka wakiwa hewani. Wanaume wenye mavazi ya dhahabu wakapiga magoti mlangoni kwake wakimwomba aseme neno. Mfasiri wa banda alipaza sauti juu ya yote hayo, akichekesha watu, hata sikujua lipi ni la filamu na lipi ni lake. Ikabaki nyekundu peke yake. Mwanamke akafungua mdomo, na gari langu likapiga honi. Nikatoka.

"Shikamoo, baba."

Kitandani pale wodini, aliutazama ukuta. Dada akanipa kikombe cha uji na kijiko, akaenda kufua. Sikujua la kumwambia mtu niliyekuwa sijamwona miaka mitatu. Nikaanza na tausi.

"Unasimulia hadithi mchana?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. Nyumbani tulikatazwa tangu utotoni: hadithi ya mchana hupoteza ng'ombe.

"Ni filamu, baba."

"Kwani filamu si hadithi? Haya, sema. Ng'ombe wenyewe waliisha zamani, nina mbuzi mmoja kilema."

Nikasimulia, kijiko mkononi. Akimeza, naendelea, akifumba mdomo, nanyamaza. Tulipofika kwenye nyekundu, kikombe kilikuwa nusu.

"Akasemaje?"

Nikatunga. Mvua, sijui harusi, nilijikanyaga mwenyewe.

"Uongo," akasema. "Hukuona mwisho. Uliondoka. Wewe huondoka siku zote."

Akafunika kikombe kwa kisahani. "Nusu hii ni ya kesho, ukishajua alisema nini."

Mfukoni nilikuwa na tiketi ya kurudi kwangu Mwanza, ya asubuhi ileile ya kesho.

Kulipokucha basi liliondoka, kiti changu kitupu. Nilikuwa mlangoni pa wodi na chupa ya uji wa moto, nikimtafutia yule mwanamke neno, na sikuwa nimelipata.