Mizabibu Juu ya Ntumba

Isdori alirudi Kasense mwezi wa kumi na moja mwaka 2021, akiwa na miaka hamsini na sita, begi moja la nguo na viroba viwili vya vijiti. Nguo hazikutushughulisha. Vijiti ndivyo vilivyotutoa majumbani. Alikuwa amevifunga kwa magunia yaliyoloweshwa, na njia nzima kutoka Dodoma kila basi liliposimama alishuka kuyanyunyizia maji, mpaka kondakta akamuuliza kama amebeba samaki.

Alikuwa ameondoka hapa kijana, akapata kazi kwenye shamba la zabibu la masista huko Dodoma, akakaa miaka thelathini. Mke wake alifia huko. Mtoto hawakujaliwa. Kazi aliifundishwa na sista mmoja mzee, Mwitaliano, ambaye hakuruhusu mtu ashike mkasi wa kupogolea kabla hajanawa mikono. Sista alipofariki, shamba likapata msimamizi mwingine, na Isdori akaona hana tena cha kumweka. Akaomba pingili za mizabibu, akapewa, akapanda basi.

Mbegu ile inaitwa teroldego. Ni ya zabibu nyeusi za divai, ya asili ya Italia kaskazini. Sista alikuwa akimwambia kwamba kwao inalimwa chini ya milima mikubwa, kwenye baridi na changarawe, na kwamba Dodoma ilikuwa inavumilia joto kwa adabu tu. Katika maneno hayo yote Isdori alishika neno moja, baridi. Mahali penye baridi alipajua. Alizaliwa hapo, huku kwetu Kasense, nyanda za juu.

Shamba lilikuwepo, ekari moja ya urithi, na mwenye kulima alikuwa dada yake mkubwa, Hellena, mjane. Ndiye aliyebaki nyumbani. Aliwauguza wazazi wao, akawazika, akaendelea kulima ulezi kwenye sehemu yake na kwenye sehemu ya mdogo wake, ili isije ikaonekana haina mwenyewe. Jioni ile aliyofika, Isdori alisalimia shikamoo, akala, kisha akaomba ekari yake kwa ajili ya mizabibu.

"Zabibu ni chakula?" Hellena aliuliza.

"Ni divai, dada. Na divai ina watu wake."

Hellena alichokonoa moto. "Nakupa misimu mitatu," alisema. "Nikiona zabibu kwa macho yangu, shamba lako. Nisipoziona, ulezi wangu unarudi, na wewe utajua pa kwenda."

"Nitarudi Dodoma," Isdori alisema. Hakuna aliyemlazimisha kuliongeza hilo, lakini alilisema, na ahadi ni deni.

Wapo waliomwona Hellena mkali. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba aliyewazika wazazi wawili peke yake ana haki ya kuweka masharti. Isdori naye alijua vizuri Dodoma kulikuwa na nini cha kurudia. Kilikuwa chumba cha kupanga na kaburi la mke wake.

Sasa, sisi Kasense tuna ulimi. Wiki haikwisha tukawa tumeshampa jina, Mdodoma. Mdodoma kaja na kuni. Mdodoma hajui tena kushika jembe la Kifipa. Ulikuwa utani, na utani kwetu haukatazwi, lakini mtu aliyekaa ugenini miaka thelathini huusikia kwa sikio jingine. Isdori aliamua kutuonyesha.

Alitengeneza ntumba. Wafipa ndivyo tulivyolima tangu mababu. Mvua zikielekea ukingoni, unakata nyasi, unazifunika kwa udongo, unainua kilima kimoja baada ya kingine mpaka shamba lote limejaa vilima. Nyasi zinaoza humo ndani, na msimu unaofuata unavibomoa, unatawanya ule udongo mweusi, unapanda ulezi. Isdori aliinua ntumba ambazo sijaona mfano wake, zimenyooka, zimelingana, na katika kila moja akahamishia mzabibu wake uliokwisha kuota kitaluni. "Mwacha asili ni mtumwa," alitujibu tulipopita, na alikuwa na furaha ya kweli. Sikumwona tena na furaha ile kwa muda mrefu.

Alipopanda kile kitalu zilikuwa zimebaki pingili kama kumi na tano, nyembamba, zilizopinda, ambazo tangu siku ya kwanza alisema hazifai. Hellena alizichukua. Shamba lao linapoishia kwa chini, nyuma ya mwinuko, kuna ukanda wa changarawe ambao haujawahi kulimwa na mtu, na wenye ng'ombe wa kulimia walikuwa na tabia ya kuuvuka mpaka pale. Hellena alizichomeka kati ya mawe ziwe alama, akarudi kwenye maharage yake.

Msimu wa kwanza hakuna aliyetegemea kitu. Mzabibu mchanga hauzai. Wa pili, Isdori alikwenda mjini kwa baiskeli, Mazwi, akanunua waya kwa Muhidin, mwenye duka la vifaa. Muhidin alimwambia, "Mimi divai siijui wala siinywi, mzee wangu, lakini waya nauza." Waya ukafungwa, mizabibu ikapanda. Na ikapanda hasa! Majani yalikuwa mapana kama sahani, matawi yalitambaa kutoka ntumba moja hadi nyingine, na watu walikuja hata kutoka Mazwi kuyatazama. Tuliacha kumwita Mdodoma. Tulianza kumwita mtaalamu.

Zabibu hazikuonekana. Vilitoka vichala sita katika shamba zima, vikaota ukungu ndani ya kivuli cha majani, vikaoza vikiwa bado vya kijani.

Isdori aliamua kwamba mizabibu ina njaa. Hilo lingekuwa jibu la Mfipa yeyote, na mimi ningesema hivyo hivyo. Msimu wa tatu alifukia nyasi mara mbili ya zile za mwanzo. Akaomba samadi kwa wafugaji, akaisomba kwa toroli, akaongeza. Majani yakawa makubwa zaidi. Alipogolea kama alivyofundishwa, akiwa amenawa mikono, na kila alipokata yalichipua majani mengine. Mwezi wa nane alipita mstari kwa mstari akifunua matawi, na jioni akamwambia dada yake kwamba hakuna hata kichala kimoja.

"Bado mwezi," Hellena alisema.

"Zabibu haitokei mwezi wa nane ikaiva wa tisa, dada. Najua kazi yangu."

Alikonda. Mchana alikaa shambani bila kufanya kitu, jambo ambalo hapa kwetu humtisha mtu kuliko ugonjwa. Nilimhurumia, maana hata mimi nilizisifu zile ntumba.

Yaliyotokea mwanzoni mwa mwezi wa kumi nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupishana sana.

Asubuhi ile Isdori hakusubiri kuambiwa. Alichukua jembe, akaenda shambani, akaanza kung'oa. Begi lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni. Alikuwa kwenye mstari wa tatu Hellena alipokuja na bakuli la bati lililofunikwa kitambaa. Alidhani ni uji, akasema hana njaa.

"Shika kwanza," Hellena alisema.

Ndani kulikuwa na zabibu. Vilikuwa vichala vidogo, vyeusi, vyenye vumbi juu yake kama unga. Isdori aliweka moja mdomoni, akaitafuna na ganda lake, na hapo hapo akajua ni nini. Alikuwa ameila miaka thelathini.

"Umezitoa wapi?"

"Mpakani. Kwenye mawe."

"Zile pingili mbovu?"

"Hizo hizo. Sijazilisha chochote. Kila mwezi wa tano nikisafisha mpaka nazikata kwa panga hadi chini, kama kichaka kingine."

Isdori alitazama ntumba zake, akatazama kule kwenye mwinuko. Sasa neno la pili la sista lilimrudia, changarawe, na akalitamka kwa sauti. Mizabibu yake haikuwa na njaa hata siku moja. Alikuwa ameishibisha mpaka ikasahau kuzaa.

"Zimezaa mwaka huu tu?" aliuliza.

Hellena angeweza kusema ndiyo. Nani angejua?

"Na mwaka jana," alisema. "Nilizila zote, nikanyamaza. Nilikuwa nataka shamba langu."

Isdori aliniambia kwamba hasira iliyompanda ilimfanya aweke jembe chini, akiogopa mikono yake. Mwaka mzima! Mwaka wa toroli za samadi na kukosa usingizi, na jibu liko hatua mia mbili kutoka mlangoni. Alimuuliza dada yake kwa nini hakunyamaza mpaka basi liondoke.

"Nilikuwa nangoja ugombane," Hellena alisema. "Ungegombana, ningenyamaza. Ungesema urithi ni wako, ungenipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, ningekuacha uende na viroba vyako. Nimeamka nikakuona unang'oa mwenyewe." Alikikunja kitambaa cha bakuli. "Na begi liko mlangoni. Isdori, miaka thelathini nimekula ulezi peke yangu. Nimeshiba."

Isdori aliketi juu ya ntumba. Alilia, hakujificha, na alipokuwa akinisimulia alilia tena kidogo.

"Mawe chukua wewe," dada yake alisema. "Hakuna atakayekudai. Huu udongo uliounenepesha, niachie mimi. Kata vipando vyako uanze upya."

"Nitangoja miaka mitatu mingine?"

"Kwani una safari?"

Hellena akaliokota lile jembe lililowekwa chini, akaanza kubomoa ntumba ya kwanza, kwa kuwa mvua haikuwa mbali na ulezi hausubiri mtu kumaliza kulia. Isdori alibaki na bakuli mapajani, akila moja moja, mbegu akizitemea kiganjani.

"Na usije ukajidanganya kwamba ni tamu," Hellena alisema bila kugeuka. "Ganda gumu, mbegu tupu. Mwaka jana nilizimaliza kwa hofu tu, usije ukaziona."