Vipimo vya Miguu ya Watu

Karakana ya kaka yake ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vioo, na kazi iliyofanyika humo ni viatu vya watu ambao miguu yao hailingani. Mwenye mguu mmoja mfupi aliongezewa soli. Mwenye kifundo kilicholegea alishonewa kiatu cha kumshika. Kaka alikata ngozi na kupandisha soli. Yeye, mdogo wake, alishika mambo ya mezani: simu, wateja, na kompyuta kuukuu yenye programu ya kuandikia ankara. Watu walimwita Bi Ankara. Utani huo aliuanzisha kaka mwenyewe, aliyekuwa akiwaambia wateja wasimsalimie sana dada yake, asije akawaandikia ankara ya salamu.

Hakuwa amepanga kufanya kazi hapo. Alikuwa karani wa duka la mbao, ana mshahara wake na kiti chake, mpaka kaka alipopigwa na kiharusi. Mikono ya kaka ilirudi, na ulimi ukarudi, ila namba hazikurudi. Zamani alikuwa akimtazama mtu miguu kabla ya uso, akamtajia unene wa soli yake ya miaka mitatu nyuma. Sasa aliweza kushona ukingo wa kiatu akiwa amefumba macho, lakini ukimwambia sentimita mbili na nusu, akifika kwenye meza ya kukatia imeshamtoka.

Ndipo Bi Ankara alipoacha duka la mbao na kuanza kuvijaza vipimo ndani ya programu. Kila ankara ilikuwa na sehemu ya maelezo ya ndani, ambayo haitokei kwenye karatasi ya mteja. Humo aliandika mguu upi ni mfupi, soli ipandishwe kiasi gani, kidole kipi kinauma, nani hawezi kuinama kufunga kamba. Kaka akihitaji kipimo aliuliza kutoka mezani kwake, naye akamjibu, akarudia na kurudia bila kuonyesha kuchoka. Wateja wengi hawakuwahi kujua kwamba fundi wao hakumbuki vipimo vyao.

Kila Ijumaa kabla ya kufunga alichomeka flashi, akanakili, akaitia flashi mkobani. Wifi yake alipouliza siku moja itakuwaje kompyuta ikiibwa, aliugonga mkoba kwa kiganja, akasema wezi wataondoka na sanduku tupu.

Kompyuta haikuibwa. Asubuhi moja, baada ya umeme kukatika na kurudi kwa vishindo, aliiwasha ikatoa mlio kama wa kijiko kinachokwaruza sufuria, kisha kioo kikabaki cheusi. Alijaribu tena na tena, hadi kaka akauliza kuna nini. Akamwambia mashine imechoka, anaipeleka ikahudumiwe. Wakati huo hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Aliipeleka kwa binti mmoja aliyetengeneza kompyuta kwenye kibanda cha kona, mpole, mwenye miwani iliyofungwa waya. Binti akasema diski imeumia, lakini kama kuna nakala basi hakuna msiba. Bi Ankara akatoa flashi. Binti akaichomeka kwenye mashine yake, akabofya, akatazama, akabofya tena. Ndani kulikuwa na kijialama kimoja tu, kile cha kubonyeza ili programu ifunguke, kidogo kuliko hata picha ya simu.

"Mama, hiki ni kitufe cha kuingilia," binti alisema. "Data zenyewe zilikuwa zinakaa kwenye folda nyingine. Hizo hukuwahi kuzinakili."

Bi Ankara aliomba atazame vizuri. Binti alitazama vizuri. Ijumaa zote zile, kila alipoandikiwa kwamba kunakili kumekamilika, kilichokamilika ni kile kitufe. Alikaa kwenye kistuli cha wateja, mkoba mapajani. Binti akamwambia asikate tamaa, atajaribu kuivuta data kutoka kwenye diski hiyo hiyo mbovu, lakini itachukua muda, na hawezi kuahidi.

Njiani kurudi alijiambia atamweleza kaka. Alipofika alimkuta ameinama juu ya kiatu cha mtoto, anaimba kwa pua kama alivyofanya siku zake nzuri. Akasema mashine bado iko kwa fundi. Siku zilizofuata alisema hivyo hivyo. Walioingia wenyewe aliwapima upya, akisingizia kwamba miguu hubadilika. Alipata nafuu kidogo, akaanza kuamini kwamba mambo yataisha kimyakimya.

Kisha akapiga simu mlinzi wa benki. Huyu alikuwa mteja wao wa zamani, aliyegongwa na gari ujanani na kubaki na mguu wa kushoto mfupi. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni kutwa nzima, na alikuwa amehamishiwa tawi la mbali. Viatu vyake vilikuwa vimekwisha kabisa, soli imelika mpaka kwenye uzi. Akaomba jozi nyingine, vilevile kama siku zote, atumiwe kwa basi.

Kalibu yake ya mbao ilikuwepo rafuni, lakini kalibu huonyesha umbo la mguu, haisemi soli ipande kiasi gani. Bi Ankara angeweza kumwomba akapimwe huko aliko. Ingebidi aeleze kwa nini, na kaka alikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye simu.

Kaka akauliza: "Mlinzi wa benki, kushoto, ni ngapi?"

Alijitahidi kuiona ile ankara kichwani. Aliona jina, aliona mstari, na mwisho wa mstari akaona nne, au akataka kuiona.

"Nne," alisema.

Kaka alisimamisha kisu juu ya mpira wa soli. "Nne?"

"Nne, Kaka."

Akakata nne. Viatu vilitoka vizuri, vyeusi, vinang'aa, vikafungwa kwenye boksi na kupelekwa kituoni.

Binti wa kompyuta alipopiga simu, sauti yake ilikuwa ya furaha. Faili kuu lilikuwa limeharibika, halikufunguka. Lakini programu yenyewe ilikuwa na tabia ya kujiwekea nakala mara mojamoja kwenye folda iliyojificha, na nakala moja ilikuwa imesalimika. Ilikuwa ya zamani, zaidi ya mwaka mzima nyuma. Yote yaliyoandikwa baada ya hapo yalikuwa yamekwenda.

Bi Ankara alikwenda mbio. Wateja wa zamani walikuwamo humo, kila mtu na maelezo yake, na kwa dakika chache alijisikia kama aliyetua mzigo. Kisha akamtafuta mlinzi wa benki. Kushoto, mbili na nusu. Asifungiwe kamba, atiwe zipu.

Alisoma mara mbili. Akatoka nje ya kibanda na kupiga simu. Ilipokelewa na mke wa mlinzi. Mumewe, alieleza, alivivaa viatu akasema vinamsukuma kiuno, akadhani ni ugeni tu, atavizoea. Wiki hiyo hiyo alijikwaa kwenye ngazi za benki, akaangukia mkono. Umevunjika sehemu mbili. Yuko hospitali.

"Tulifikiri ni yeye hajatazama anakokanyaga," mke alisema. "Kumbe kuna kitu?"

Bi Ankara alimwambia ndiyo, kuna kitu, na kwamba kosa ni lake. Simu ikakatwa.

Safari hii hakungoja kutafuta maneno. Aliingia karakanani, akavuta kigoda mbele ya kaka, akasema yote, kuanzia flashi mpaka ngazi za benki. Wifi yake alikuwa mlangoni na chupa ya chai, akabaki ameishika tu. Kaka hakupandisha sauti. Aliweka sindano chini, akajifuta gundi vidoleni, taratibu sana, kidole kimoja kimoja.

"Nilijua si nne," alisema mwishowe. "Mkono ulikataa. Lakini nikasema, kichwa changu ndicho kibovu, cha dada yangu ni kizima. Nikaunyamazisha mkono wangu."

Bi Ankara aliomba radhi. Kaka alitikisa kichwa, na haikueleweka kama anaikubali au anaikataa.

Walikwenda pamoja kumwona mlinzi. Alikuwa amelala, plasta kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko, na alikuwa muungwana kuliko walivyostahili. Aliwauliza habari za safari. Mkewe hakukaa, wala hakuwakaribisha kitu. Kaka alimpima mguu palepale kitandani kwa mikono yake, akamwagiza Bi Ankara aandike, akamfanya aisome namba kwa sauti mbele ya mgonjwa. Viatu vipya walivipeleka wenyewe. Mlinzi alipona, ila mkono haukunyooka sawasawa, na benki ikamhamishia chumba cha kamera, ambako mtu hukaa kwenye kiti. Alisema hajali. Hakuagiza tena viatu kwao.

Wateja wa ule mwaka uliopotea Bi Ankara aliwapigia mmoja mmoja, akawaambia ukweli na kuwaomba waje wapimwe upya bila malipo. Wengi walikuja. Wengine walisema watakuja. Mmoja alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kwa upole kama kweli kichwa cha fundi hakishiki tena namba, na baada ya hapo habari ikatembea yenyewe mtaani.

Kunakili sasa ananakili ipasavyo, folda yote yenye data, sehemu mbili, moja ikikaa nyumbani kwa wifi. Mara kwa mara huipeleka nakala kibandani na kumwomba binti aifungue kwenye mashine nyingine, kisha achague mteja yeyote na kumsomea maelezo. Binti humwambia hiyo imetosha, wengi hawafanyi hata nusu yake. Yeye husubiri mpaka aone namba kwa macho.

Kazi zipo, si kama zamani, lakini zipo. Kaka bado anauliza vipimo kutoka mezani kwake, na Bi Ankara bado anamjibu. Akishajibiwa, kaka huweka kisu chini, huinuka, huja hadi kwenye kompyuta. Bi Ankara humgeuzia kioo. Kaka huinama, huisoma namba mwenyewe akiifuata kwa kidole, midomo ikicheza, kisha hurudi kwa haraka kukata kabla haijamtoka.